Kioo Kilichoangalia Biharamulo

Mama,

Nilikupoteza Jumatano ya pili ya mwezi wa nane mwaka jana, alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Lakini nikisema kweli nilikuwa nimeshakupoteza wiki sita kabla ya hapo, Jumapili ile ya mwisho wa mwezi wa sita, niliposimama mlangoni kwako nikakuita mwongo mbele ya mjukuu wako. Tarehe ya kwanza imeandikwa kwenye msalaba wako. Ya pili tunaijua watatu tu, na mmoja wetu ndiye wewe.

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako. Ulipokuwa hai sikukuandikia, kwa sababu hukujua kusoma na sikutaka Asimwe akusomee mambo yetu. Sasa naandika kwa sababu Baba mdogo amenituma kwako. Nitakueleza amenituma nini. Ila unanijua, siwezi kufika kwenye jibu bila kupitia hesabu, kwa hiyo nivumilie, waitu, nianze ninapoanzia.

Unakumbuka nilivyoingia kwenye mambo ya betri. Vita ilipotufukuza Bukoba tukatembea siku tatu hadi hapa Muleba kwa wakwe zako, wewe na godoro kichwani, mimi na sufuria, Dada na mbuzi mmoja aliyekataa kutembea. Kaka alikuwa ameshachukuliwa jeshini, na hakurudi. Mimi nilikuwa nimeishia kidato cha pili kule Kashozi, na vita ilipokwisha hapakuwa na wa kunirudisha darasani. Nikarudi Bukoba, pale Miembeni, kwa yule mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la vipuri, nikaomba kufagia. Nilifagia mwaka mmoja. Mwaka wa pili nikawa naongeza maji kwenye betri za wateja. Mwaka wa tatu mzee akaniachia kazi yote ya kuchaji, na alipofunga duka akawafuata watoto wake ng'ambo, aliniachia chaja na kile kipimo cha kioo cha kupimia tindikali. Tangu hapo sijamfanyia mtu kazi. Ulikuwa ukiona matundu ya tindikali ukinitania, "Koku, hizi khanga zako zinaliwa na panya gani?" Nami nikakujibu kwamba panya huyo ndiye anayetulisha.

Nayasema haya ili ujue kiburi changu kilitoka wapi. Sikukiokota barabarani. Nilikitengeneza kwa mikono, kidogo kidogo, na kwa hiyo nilikiamini.

Dada alipokufa kwa ukimwi, ule ugonjwa ambao mwanzoni watu waliupa jina la nguo kana kwamba ni utani, akakuachia Asimwe na mdogo wake. Siku ya kuanua tanga nilisema mbele ya ukoo kwamba watoto hawa hawatasoma kwa koroboi. Nilimaanisha. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, mzungu mmoja wa mradi wa visima alikuwa anarudi kwao, akaniuzia paneli yake ya umeme wa jua, watu wawili waliibeba kama jeneza, na kijitabu chake cha Kiingereza ndani ya mfuko wa nailoni. Betri niliweka yangu. Taa mbili za tyubu ndogo. Waya nilizotoa kwenye gari bovu.

Sikumwita fundi. Fundi wa nini? Nilipanda paa mwenyewe na wewe ukashika ngazi, ukilalamika kwamba ninaonekana miguu na jirani wa chini anatazama. Kitabu kilisema: elekeza paneli kusini, iinue nyuzi hamsini. Nilimwomba Asimwe kipimapembe chake cha shule, nikapima hamsini kamili, nikafunga chuma. Sikukosea hata uzi mmoja, Mama. Kama kungekuwa na mtihani wa kufuata kitabu ningepata mia.

Wewe ulisimama uani, mkono juu ya macho, ukasema, "Mbona kioo chako kinaangalia Biharamulo? Jua linapita hapa kichwani."

Nikasema, "Kitabu kinasema kusini."

Ukasema, "Aliyekiandika amewahi kuanika kahawa?"

Nilicheka hadi nusura nianguke. Jioni ile nilimsimulia kila mtu Miembeni maneno yako, wakacheka nao. Mama yangu anataka kumfundisha mzungu jua!

Na taa ziliwaka, hilo ndilo lililonimaliza. Taa ziliwaka kwa muda wa saa nne kila jioni, mwezi wa kumi na mbili wote, Asimwe akifanya hesabu mezani na mdogo wake akilala juu ya daftari. Senene walipokuja walijaa ukutani hadi rangi ya chokaa haikuonekana, na majirani wote wakaja na ndoo. Ulikaanga hadi jikoni pakawa hapaingiliki. Ukaniambia, "Zamani mwanamke akimpelekea mumewe senene anapewa vazi. Mume sina. Aliyeleta taa ni wewe, basi vazi langu liko wapi?" Nikakuletea kitenge cha Krismasi, na ukakivaa misa mbili mfululizo ili watu wa kanisa wakione.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Paneli inatoa ampea mbili na kidogo. Jua kali tunalipata kama saa tano kwa siku, basi ni kama kumi. Taa mbili zinakula ampea moja na theluthi kila saa, saa nne ni tano na kidogo. Nusu inabaki akiba ya siku za mvua. Niliandika masharti kwenye kipande cha boksi nikakipigilia ukutani: taa mbili tu, saa moja hadi saa tano, betri haitoki ndani ya nyumba hii. Asimwe alipewa kazi ya kuandika saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Mimi nilikuja kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kukagua, kama karani wa serikali. Mkaguzi wa nyumba ya mama yake mwenyewe!

Mwezi wa nne saa za mwanga zilianza kupungua. Nikasema ni mvua. Mwezi wa tano, saa mbili na nusu. Mwezi wa sita, kiangazi, mbingu kavu, jua linapasua vichwa, wakati taa zilipaswa kuzidi, Asimwe ameandika saa moja na nusu, saa moja na nusu, saa moja na robo. Nilipima tindikali, iko sawa. Nilipima betri, nzima. Nikakaa kwenye kigoda chako nikarudia hesabu mara tatu, na mara zote tatu ikanipa jibu lile lile, kwamba umeme unaingia wa kutosha na kuna mtu anautoa.

Na nilijua nani. Mwaka ule kijiji kilikuwa kinazika. Tulikuwa tunakutana njiani tukiulizana leo ni kwa nani, kama mtu anavyouliza leo soko ni wapi. Na mimi nilikujua wewe. Mtu akija kwako na msiba hujui kusema hapana, ungempa hata mlango. Nikamwuliza Asimwe tarehe za misiba ya jirani, nikaziweka kando ya saa zake za taa. Zililingana, Mama. Ndiyo, zililingana, kwa sababu misiba ilikuwa karibu kila wiki, ungeweka tarehe za kitu chochote kando yake zingelingana. Hilo sikulifikiri.

Nikakuambia, "Unaazima betri kwenye matanga."

Ukasema, "Sijaigusa."

Nikasema, "Basi imekwenda yenyewe?"

Hapo ndipo ulipoyasema, na mimi naomba leo mbele yako nikiri kwamba uliyasema. Ulisema, "Mwanangu, asubuhi jua linapiga mgongo wa kioo chako. Mimi mikeka ya kahawa nimeihamishia upande wa Bukoba tangu mwezi uliopita, upande ule mwingine ni kivuli cha nyumba." Ulinionyesha kwa mkono. Mikeka ilikuwa pale, kahawa imetandazwa, nilikuwa nimeiruka nilipoingia.

Nikakujibu, "Usinigeuzie maneno. Mimi nauliza betri, wewe unanijibu kahawa." Nikakuita mwongo. Nikamwambia Asimwe kwamba naye ni mwongo mdogo anayeandika uongo wa bibi yake. Ulimvuta mtoto nyuma yako kwa mkono mmoja. Hukusema neno tena.

Nilichukua kimya chako kuwa umekubali kosa.

Jumapili ile ile nilitengeneza boksi la mbao, nikatia betri, nikaisukuma chini ya kitanda chako na kufuli juu, ili asiweze kuitoa mtu. Ufunguo nikaenda nao Bukoba. Fikiria. Nilikulaza juu ya betri kama kuku juu ya mayai, na mimi ndiye ninayewaambia wateja wangu kila siku kwamba betri inayochajiwa inatoa hewa mbaya, fungueni madirisha.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Nyumba ilinuka mafuta ya taa. Asimwe alikuwa anasoma kwa koroboi na tyubu zangu mbili ziko juu yake, zimezimwa. Ulisema tu, "Taa yako ipo, hatujaiwasha." Nikafungua boksi nikapima, betri imejaa. Unakumbuka nilichosema? Ninakiandika ili nisije nikajidanganya uzeeni kwamba sikukisema. Nilisema, "Umeona? Mkiacha kuazima, inajaa." Na nikatabasamu, Mama. Niliondoka nimeridhika kwamba hesabu yangu imethibitika.

Baada ya hapo ni kifua. Walinitumia habari Jumatatu, nikafika Jumanne jioni, ukanishika kidole kimoja ukauliza kama nimekula. Alfajiri ulikwenda.

Kwenye tanga lako niliwasha taa zile. Betri ilikuwa imejaa, kwa hiyo zilidumu. Mama Adelina, jirani wa chini, yule yule wa kutazama miguu yangu, alikaa karibu yangu kwenye majani akainua macho akasema, "Kumbe mwanga wake ni mzuri hivi. Alipokufa mume wangu nilimwomba mama yako taa hii usiku mmoja tu. Akasema hawezi, mtoto wake amekataza. Nilimnunia hadi Pasaka."

Nilimwuliza, "Hakukupa hata siku moja?"

"Hata siku moja. Hakumpa mtu. Tulikuwa tunamwita mchoyo wa mwanga."

Yaani ulinuniwa na jirani, ukaitwa mchoyo, kwa ajili ya kipande changu cha boksi ukutani, na mimi nikakuita mwongo. Pande zote mbili. Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko. Waliokuwepo walidhani nakulilia kama watu wanavyowalilia wazazi.

Ila bado sikujua umeme ulikwenda wapi. Miezi saba nilibaki na hesabu isiyofunga. Nilijua hukuiba, na hesabu ilisema umeme umeibwa. Mimi ni mtu wa kuamini namba, unajua. Wapo wanaokosa usingizi kwa deni, mimi nilikosa kwa ampea tano.

Mwezi huu wa tatu kimekuja kikundi kinachosaidia nyumba za yatima. Wanatoa paneli ya pili na betri ya kweli ya sola, bure, kwa kila nyumba itakayopita ukaguzi. Mkaguzi akaja kwa pikipiki, kijana mrefu mwenye leseni ya kufunga umeme ndani ya mfuko wa plastiki shingoni, na fomu ya maswali kumi. Akaniuliza, "Nani alifunga hii?" Nikasema mimi. "Leseni yako, mama?" Nikamwonyesha vidole vyangu vilivyoungua tindikali. Akavitazama kwa heshima, nasema kweli, akasema, "Hii ni leseni ya kuchaji. Ya kufunga iko wapi?" Nikamwambia wakati mimi naanza kuchaji betri yeye alikuwa anafungwa nepi. Akaandika kitu kwenye fomu.

Nikashindwa maswali saba kati ya kumi. Hakuna fyuzi kati ya betri na taa. Waya nyembamba mno, nusu ya nguvu inapotea njiani kama ndoo inayovuja. Maungio yamefungwa kwa gundi ya karatasi. Hakuna kifaa cha kuzuia betri isichajiwe kupita kiasi. Betri ndani ya chumba cha kulala. Hapo nilimwuliza kama hewa ile inaweza kumdhuru mtu mwenye kifua. Alinitazama, akauliza nani alikuwa analala pale. Nikamwambia. Akasema, "Sijui, mama. Sheria inasema isiwekwe, basi." Hajui, na mimi sijui, na nimeamua kutokujifanya najua kwa upande wowote.

Kisha akapanda paa. Ilikuwa karibu saa saba, jua utosini. Akatoa msumari wa inchi nne, akausimamisha juu ya kioo, kichwa chake kikilala bapa kwenye kioo, akaniita nipande nione. Msumari ulikuwa na kivuli kirefu kuliko wenyewe. Akasema, "Kioo kikilitazama jua sawasawa, msumari hauna kivuli. Aliyefunga hiki alidhani yuko Ulaya."

Nikasema, "Aliyefunga ni mimi."

Akaona haya kidogo. Akanieleza taratibu. Kwao wazungu jua liko kusini mwaka mzima, chini chini, ndiyo maana kitabu chao kinasema kusini nyuzi hamsini. Kwetu linapita juu, na miezi ya Krismasi linaegemea Biharamulo, na miezi ya kiangazi linaegemea upande wa Bukoba. Kwa hiyo paneli yangu ilifanya kazi vizuri mwezi wa kumi na mbili, na mwezi wa sita jua lilikuwa karibu lote mgongoni kwake. Akalegeza boliti, akakilaza kioo karibu na bati, akakiacha kimeinuka kidogo tu ili mvua ikioshe. Akausimamisha msumari tena. Kivuli kikaisha.

Nilikaa pale juu ya bati la moto. Alidhani nimepata kizunguzungu. Nilikuwa naangalia uani, mahali unapotandaza mikeka ya kahawa mwezi wa sita.

Kesho yake jioni, licha ya mawingu ya mchana, taa ziliwaka kwa muda wa saa nne na robo. Asimwe aliandika, akanisogezea daftari. Yuko darasa la saba sasa, ana shingo yako. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia, mwaka jana nilikuita mwongo na ulikuwa unasema kweli, na bibi yako alikuwa anasema kweli. Nikamwuliza, "Lakini kwa nini hamkunibishia? Mbona mlinyamaza?"

Akasema, "Bibi alikataza, mama mdogo. Alisema, yeye ndiye mtoto aliyebaki. Tukimbishia ataacha kuja."

Mama!

Basi hapa ndipo ninapokulaumu, na sitaki kukulaumu nyuma yako, nakulaumu usoni. Ulikuwa na haki ya kunipiga kibao. Ulikuwa na haki ya kunishika sikio, mtu mzima kama mimi, ukanipandisha kwenye ngazi ile na kunionyesha jua liko wapi. Ulinijua tangu tumboni, ulijua kwamba nikionyeshwa kitu kwa macho nakubali, na ni maneno tu ndiyo nayakataa. Ungeweka hata jungu juu ya kioo nione kivuli chake. Badala yake ulihesabu watoto wako, ukapata mmoja, ukaamua kumlipia kwa kunyamaza. Hesabu hiyo nayo ilikuwa na kosa. Nisingeacha kuja. Ningenuna wiki mbili, ningekuja na sabuni na sukari kama kawaida yangu, na tungekuwa tumecheka kabla ya kahawa kukauka. Ulinikosesha nafasi ya kukuomba msamaha ukiwa unasikia. Ulikosea, Mama, na mimi nilikosea zaidi, na wa kutusawazisha hayupo.

Sasa nije kwenye nililotumwa.

Kasoro sita nimeshazitengeneza. Nimenunua waya nene mpya, nimeweka fyuzi, betri imehamia kwenye kibanda nilichojenga nje, chenye matundu ya hewa. Imebaki moja. Fomu inadai waya wa kuteremsha radi ardhini, na mkaguzi amesema hilo hasamehi, kwa sababu radi za huku kwetu unazijua, mwaka haupiti bila kuua ng'ombe wa mtu. Ni fimbo ya chuma yenye urefu wa mtu, inapigiliwa yote ardhini, kwenye udongo mzito wenye unyevu. Nimejaribu mbele ya nyumba, nikagonga mwamba kwenye kina cha mkono. Nimejaribu ubavuni, mwamba. Nimejaribu karibu na jiko, mwamba. Mkaguzi alizunguka na mtarimbo wake akasema mahali pamoja tu panafaa, kibanjani nyuma ya nyumba, kwenye ile migomba mikubwa ambako umetupa maganda na maji ya kuoshea vyombo miaka yote, udongo umekuwa mweusi na laini.

Ndipo ulipo. Nimepima kwa futi. Kutoka mwisho wa miguu yako hadi fimbo itakapoingia ni futi nne. Nikisogeza zaidi ya hapo naingia mwambani.

Mkaguzi hakuona tatizo, yeye si wa huku. Mimi nilikwenda kwa Baba mdogo, kwa kuwa kibanja kiko chini yake sasa. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya radi, kwamba siku moja ikipiga itashuka kwa chuma hiki hadi pale chini. Alitafuna buni, moja baada ya nyingine. Kisha akasema, "Kibanja nakupa ruhusa. Lakini pale miguuni si pangu. Umemwita mwongo ndani ya nyumba yake, unataka kumpigilia chuma na kitandani? Nenda kamwulize mwenyewe."

Nilidhani ananitania. Nilimtazama, hacheki. Kwa hiyo nimeandika. Jumatano jioni, watoto wakitoka shule, nitakuja hapo nikusomee barua hii yote kwa sauti, pamoja na mahali ninapokulaumu. Asimwe atakuwepo, kwa sababu alikuwepo siku ile nyingine.

Kwa leo nikuache upumzike, Mama. Watoto wanakula, yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivuna nayo. Naahidi vitu viwili na nitavitimiza. Cha kwanza ni kwamba kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nitakuja hapa bila kukagua daftari la mtu. Na cha pili, ukikataa, fimbo sitaipigilia. Nitaichana ile fomu, paneli ya pili iende kwa Mama Adelina, na watoto hawa nitawahamishia kwangu Kagondo, Bukoba, wakasomee huko, ingawa najua ulitaka wakulie hapa. Ukikubali, nitapiga nyundo mwenyewe, polepole, na nitakusimulia kila futi inapoingia.

Lakini nijibu. Mimi si mtu wa ndoto na unajua, ila nitapokea kwa njia yoyote, hata kwa mdomo wa mtoto, hata kwa mdomo wa Baba mdogo akibadilisha mawazo. Usininyamazie. Kimya chako nilishakipigia hesabu mara moja nikapata jibu la uongo, na safari hii sikubali kukiandika kuwa ni ruhusa. Mkaguzi anarudi Alhamisi, saa nne asubuhi. Nataka neno lako kabla ya saa nne, Mama. Ndiyo, au hapana.

Koku